Mto Kimemi: uchafu wa Butembo haukuingia siku moja

Komine moja kati ya nne za mji wa Butembo inaitwa Kimemi, kwa jina la mto unaopita mjini. Wakaaji wengi leo wanaujua kwa takataka zake. Lakini kuna aina kadhaa za uchafu, zilikuja kwa nyakati tofauti, na hazina dawa moja.

Kwanza ilikuwa dhahabu. Miaka ya 1920 kampuni ya Kibelgiji ya Minière des Grands Lacs, MGL kwa kifupi, ilikuja kutafuta madini katika eneo hili, na Butembo ikaanza kukua. Dhahabu ya mtoni hupatikana kwa kuchimbua kingo na kuosha mchanga. Maji yanageuka matope, ila matope angalau yanaonekana: acha ndoo itulie usiku kucha, sehemu kubwa inashuka chini.

Baadaye biashara ikaleta watu, na watu wakachimba vyoo kwenye miteremko. Mvua ikinyesha, yote yanateremka bondeni. Hapo ndipo macho yanadanganya, maana maji yanayong'aa yanaweza kubeba kipindupindu. Kwa hiyo maabara hupima mililita 100 za maji, na kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani kijidudu E. coli, kinachotoka katika kinyesi, kisionekane hata kimoja.

Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Beni na Butembo zilijaa ndoo za klori za kunawia mikono. Maji yale yalikuwa makali, si ya kunywa. Kipimo kidogo cha klori, hata hivyo, kinaua vijidudu katika maji ya kunywa, mradi yachujwe kwanza. Matope huimaliza nguvu klori kabla haijafanya kazi. Ni pigo kwamba ndoo nyingi ziliondoka pamoja na ugonjwa.

Maana watu waliendelea kufika. Mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014, kisha kuanguka kwa Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, yalisukuma familia nyingi kuacha makwao. Mama aliyekimbia na bidoni moja hachagui pa kuchota.

Kwa waliotoka upande wa Manguredjipa, kwenye machimbo ya dhahabu, kuna jambo jingine. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu, haiondoki kwa kuchemsha maji wala kwa klori. Mafuta ya gari vilevile. Uchafu wa namna hiyo huzuiwa kule unakotoka tu.

Kujua mji wenyewe unaongeza nini si kazi ngumu kuanza: chupa moja ichotwe juu, kabla Kimemi haijaingia mjini, nyingine chini inapotoka, siku ileile. Tofauti kati ya chupa hizo mbili ni ya Butembo.