Kutoonekana kwa Catherine: Uvumi Uliomzunguka Binti Mfalme wa Wales, 2024

Siku ya Krismasi ya mwaka 2023, Catherine, Binti Mfalme wa Wales na mke wa Mwanamfalme William, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alitembea na familia yake kwenda kanisani Sandringham huku watu waliojipanga njiani wakimpiga picha. Hakuonekana tena katika shughuli rasmi hadi tarehe 15 Juni 2024. Katika kipindi hicho, na hasa kati ya mwisho wa Februari na tarehe 22 Machi, kutoonekana kwake kulizua wimbi kubwa la uvumi. Ilidaiwa kwamba amefariki, kwamba ndoa yake imevunjika, kwamba anayeonekana kwenye picha ni mwanamke mwingine aliyefanana naye. Yote hayo yalikuwa uongo. Alikuwa mgonjwa, kama ilivyokuwa imetangazwa tangu mwanzo.

Tangazo lenyewe lilitolewa tarehe 17 Januari. Kasri la Kensington, yaani ofisi ya William na Catherine, lilisema Catherine amefanyiwa upasuaji wa tumbo uliopangwa, katika hospitali ya The London Clinic, na kwamba angelazwa kwa siku 10 hadi 14. Lilieleza pia kuwa hangetarajiwa kurejea kazini kabla ya Pasaka, ambayo mwaka huo iliangukia tarehe 31 Machi. Ugonjwa haukutajwa. Siku hiyohiyo Kasri la Buckingham lilitangaza kwamba Mfalme Charles angetibiwa uvimbe wa tezi dume. Tarehe 5 Februari likatangaza kwamba mfalme amegundulika kuwa na saratani. Kwa hiyo wasomaji walikuwa na wagonjwa wawili wa familia moja, mmoja akielezwa kwa kina kiasi, mwingine akibaki nyuma ya pazia. Wengi waliona pazia hilo kuwa ushahidi wa jambo baya, ingawa mfalme ndiye mkuu wa nchi na mkwewe hana cheo hicho.

Inasemwa mara nyingi kwamba uvumi huzaliwa na ukimya. Mtiririko wa tarehe unaonyesha vingine. Januari na sehemu kubwa ya Februari zilipita kwa utulivu wa kadiri, ukiacha madai ya mwandishi mmoja wa televisheni ya Hispania kwamba Catherine yuko mahututi, madai ambayo Kasri la Kensington liliyakana. Moto uliwaka tarehe 27 Februari, William alipojiondoa dakika za mwisho kwenye ibada ya kumkumbuka Mfalme Constantine wa Ugiriki, katika kanisa la Mtakatifu George huko Windsor, kwa sababu iliyoitwa ya kibinafsi. Kilichochochea uvumi ni maelezo nusunusu, yaliyowaambia watu kuwa kuna jambo bila kuwaambia ni jambo gani. Waliokulia kwenye methali ya lisemwalo lipo wataelewa kwa nini wengi waliamini, lakini hapa methali haikufaa kitu. Mambo mengi yaliyosemwa hayakuwepo kabisa.

Kisha ikaja picha. Tarehe 10 Machi, Siku ya Mama nchini Uingereza, kasri lilitoa picha ya Catherine ameketi katikati ya watoto wake watatu, George, Charlotte na Louis, likisema imepigwa na William. Ilikusudiwa kuwatuliza watu. Kabla ya usiku kwisha, mashirika makubwa ya habari, yakiwemo AP, AFP, Reuters na Getty, yalikuwa yamewataka wateja wao waache kuitumia kwa sababu imechezewa. Ukingo wa mkono wa sweta ya Charlotte ulikuwa umekatika, na zipu ya koti la Catherine haikulingana. Siku iliyofuata Catherine aliomba radhi, akieleza kuwa hujaribu kuhariri picha kama wapiga picha wengi wasio wataalamu. Kasri halikutoa picha asilia. Phil Chetwynd, mkurugenzi wa habari wa dunia wa AFP, alisema kasri hilo si chanzo cha kuaminika tena, na kwamba maagizo ya namna hiyo huko nyuma yalihusu mashirika ya Korea Kaskazini na Iran. Mashirika hayo yalitimiza wajibu wao, kwani anayeuza picha za habari hana budi kuzikagua bila kujali zimetoka kwa nani. Lakini kwa umma, marekebisho madogo ya picha ya familia yakageuka kuwa uthibitisho wa kila kilichokuwa kimedaiwa.

Magazeti ya udaku ya Uingereza, yenye sifa ya kutomhurumia mtu, safari hii yalijizuia. Mapema Machi tovuti ya TMZ ya Marekani ilichapisha picha ya Catherine akiwa garini na mama yake, na magazeti ya London hayakuichapisha. Sababu mojawapo iko kwenye historia yao. Mwaka 2005 habari ndogo kuhusu goti la William katika gazeti la News of the World ndiyo iliyofichua kwamba ujumbe wa simu za watu wa kasri ulikuwa ukisikilizwa kwa siri. Mwandishi wa habari za kifalme wa gazeti hilo alifungwa mwaka 2007, na gazeti lenyewe likafungwa mwaka 2011. Hata hivyo, kujizuia kwao hakukuzima umbea. Ulihamia kwenye simu za watu, ambako hakuna mhariri wala baraza la kulalamikia, na kila video ya kubahatisha humpa mwenyewe watazamaji, na watazamaji humpa fedha. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waligundua kwamba mtandao wa akaunti zenye uhusiano na Urusi ulikuwa ukisambaza uvumi huo pia. Mtandao huo haukuuanzisha. Ulichukua kile ambacho watu wa kawaida walikuwa wakikifanya kwa hiari yao, ukakiongezea kasi.

Usiri wenyewe haukuwa mpya: kuficha ukweli wa ugonjwa na kifo ni desturi ya zamani ya nyumba za kifalme. George wa Tano alipokuwa akifa Januari 1936, daktari wake, Lord Dawson, alimchoma sindano za mofini na kokeini. Aliharakisha kifo ili, pamoja na sababu nyingine, habari iwahi gazeti la asubuhi la The Times. Siri hiyo ilijulikana mwaka 1986. George wa Sita aliondolewa pafu la kushoto Septemba 1951, na taarifa za madaktari hazikutaja saratani. Ni kwa sababu ya ugonjwa huo binti yake Elizabeth alitumwa kwenye ziara ndefu badala ya baba yake. Habari ya kifo cha baba yake ilimkuta Sagana, Kenya, tarehe 6 Februari 1952, wakati meli Gothic ikimngoja Mombasa ili aendelee na ziara. Umma wa wakati huo haukuwa na njia ya kuuliza kwa sauti. Wa leo unayo, na wengi wanajiona wanastahili kujibiwa.

Tarehe 22 Machi 2024 Catherine alizungumza mwenyewe, ameketi kwenye benchi, katika video iliyorekodiwa na BBC Studios siku mbili kabla. Alisema mwanzoni ilidhaniwa hakuna saratani, lakini vipimo vya baada ya upasuaji viliionyesha, na sasa anatumia tibakemikali ya kinga. Matibabu hayo yalikuwa yameanza mwishoni mwa Februari, wiki zilezile uvumi ulipopamba moto. Alieleza pia kwa nini alichelewa: walihitaji muda wa kuwaeleza watoto kwa namna inayowafaa. Video ilitolewa siku shule zao zilipofunga kwa ajili ya Pasaka, ili wasikutane na habari hiyo darasani kwanza. Mkubwa wao alikuwa na miaka 10, mdogo 5. Ukilinganisha sababu hiyo na mambo yaliyokuwa yakisemwa, inaumiza kuona ilikuwa rahisi na ya kawaida kiasi gani. Baadhi ya waliokuwa wakifanya mzaha waliomba radhi, akiwemo mwigizaji Blake Lively. Hata video hiyo haikupokelewa bila shaka: Getty iliiwekea tahadhari kwamba huenda haikidhi kanuni zake za uhariri, kama inavyofanya kwa kazi zinazotoka nje ya wapiga picha wake.

Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa umewekwa juu ya mgonjwa, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi la majira yale. Siku chache kabla ya video, Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza ilithibitisha kupokea ripoti ya ukiukaji wa usiri, kufuatia habari kwamba kuna wafanyakazi wa The London Clinic waliojaribu kufungua rekodi zake za matibabu. Haki ya usiri wa mgonjwa nchini humo haina kipengele kinachowatoa watu mashuhuri, wala haina muda wa kuisha watu wakichoka kungoja.

Septemba 2024 Catherine alitangaza amemaliza tibakemikali. Tarehe 14 Januari 2025 alitembelea hospitali ya Royal Marsden, akawashukuru wauguzi na kuketi na wagonjwa wakiwa kwenye matibabu, kisha akaujulisha umma kwamba saratani yake imetulia. Siku hiyo ndipo ilipojulikana kuwa alitibiwa hapo, jambo ambalo halikuwa limetangazwa mwaka wote uliotangulia.