Agizo na Andiko: Historia Fupi ya Kuiagiza Mashine Ituandikie

Utangulizi

Tangu tarehe 30 Novemba 2022, siku ambayo kampuni ya OpenAI ya Marekani iliifungulia dunia programu yake iitwayo ChatGPT, maneno mengi yamesemwa vyuoni. Wapo wanaodai kwamba uandishi umekufa. Wapo pia wanaodai kwamba hiki ni chombo tu, kama kalamu au taipureta, na kwamba wanaolalamika hawapendi mambo mapya. Kambi hizi mbili zimezozana vya kutosha, nami sina nia ya kuchochea moto huo. Kinachonisumbua ni kwamba sisi wanafunzi wa fasihi, ambao kazi yetu ni kusoma maandishi, tumeliacha andiko moja bila kulihakiki. Andiko hilo ni lile ambalo mtu huiandikia mashine ya akili mnemba ili nayo imwandikie makala ya kujaza tovuti. Katika makala haya nitaliita agizo.

Nakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, agizo ni kongwe kuliko kompyuta. Pili, mwenye kuagiza na mwenye kuandika wamewahi kubadilishana viti, na mabadilishano hayo yamewagusa watu wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Tatu, agizo ni uhakiki uliogeuzwa kichwa chini miguu juu, na ndani yake mna pengo ambalo mwanafunzi wa fasihi ana wajibu wa kulitaja.

Kuagiza kabla ya mashine

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, ambao huitwa pia Chuo cha Herekali. Hakuamka tu asubuhi akajisikia kutunga. Aliombwa na mtawala wa Pate, na kisa chenyewe kilikuwa kikisimuliwa tayari kwa Kiarabu. Kwa hiyo mtunzi alipewa mada, akapewa lugha, na hadhira yake ilijulikana. Karne mbili baadaye, Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada na kutunga kwa maagizo ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Hata hivyo hakuna mhakiki anayesema kwamba Kijuma hakuwa mwandishi kwa sababu tu alilipwa.

Basi tukiambiwa leo kwamba kuandika kwa kuagizwa ni jambo geni lililoletwa na kompyuta, tukatae. Lakini tusikimbilie kusema kwamba yote ni yale yale. Watunzi wa tendi za kale walikuwa na desturi. Mwanzoni mtunzi huagiza aletewe wino na karatasi. Mwishoni hujitaja jina, mara nyingi na nasaba yake, na huomba radhi kwa makosa yaliyomo. Yaani aliyeagizwa alikubali kubeba lawama. Ukikuta kosa, unajua mlango wa kubisha hodi. Tuishike nukta hii, tutaihitaji mbele.

Mashine yaanza kuandika

Mwaka 1913 mwanahisabati wa Urusi, Andrei Markov, alizihesabu herufi 20,000 za mwanzo wa Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin. Hakujali mapenzi ya wahusika wala hali ya jamii ya Urusi. Alitaka kujua irabu hufuatwa mara ngapi na irabu, na mara ngapi na konsonanti. Kwa hesabu hiyo alionyesha kwamba kijacho katika andiko kinaweza kukadiriwa kutokana na kilichotangulia. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani aliisogeza hoja hiyo hadi kwenye maneno, akaunda sentensi ambazo zilifanana na Kiingereza ingawa hazikusema lolote. Mashine za leo zimejengwa juu ya wazo hilo hilo la kukisia neno lijalo. Kilichobadilika ni ukubwa wa hesabu na ustadi wa kuitazama sentensi nzima kwa mara moja.

Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Christopher Strachey aliifanya kompyuta iandike barua za mapenzi. Programu yake ilikuwa na orodha za maneno matamu na mifupa ya sentensi, kisha ikachagua kwa bahati nasibu. Kila barua ilitiwa saini ya M.U.C., yaani kompyuta ya chuo hicho. Ni kichekesho, lakini mhakiki aone jambo moja: hapakuwa na agizo. Mtu hakuweza kuiambia mashine, "Mwandikie binti fulani, amenuna, mbembeleze." Aliiwasha tu na kungoja bahati yake.

Agizo la maneno ya kawaida tunalikuta kwa Joseph Weizenbaum, mwaka 1966, huko MIT. Programu yake ELIZA ilijifanya daktari wa nafsi. Ukiandika kwamba una huzuni, inakurudishia maneno yako kwa umbo la swali. Ndani yake hamkuwa na maarifa yoyote, ila hila chache za kupindua sentensi. Ajabu ni kwamba watu waliifungulia moyo. Weizenbaum mwenyewe alistuka, na katika kitabu alichotoa mwaka 1976 alionya juu ya kuikabidhi mashine kazi zinazodai utu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipoonekana kwa mara ya kwanza kwamba sehemu kubwa ya maana ya andiko la mashine huletwa na msomaji.

Mashine yaagiza, mtu aandika

Hii sehemu watu huiruka, na mimi naona ndiyo yenye utamu. Kabla mtu hajaiagiza mashine iandike, mashine ilimwagiza mtu.

Mwaka 2006 iliundwa Marekani kampuni iitwayo Demand Media, yenye tovuti ya eHow. Biashara yake ilikuwa hivi: programu ya kompyuta ilichungulia ni maswali gani watu wanayatafuta kwenye intaneti, ikapiga hesabu ya fedha za matangazo zinazoweza kuvunwa katika kila swali, kisha ikatoa vichwa vya makala. Vichwa hivyo walipewa waandishi wa vibarua, ambao walilipwa dola 15 hivi kwa makala moja. Mwandishi hakuulizwa ana hoja gani. Kichwa kimetoka kwa mashine, urefu umepangwa, naye ajaze tu. Mwezi Februari 2011 Google ilibadilisha namna ya kupanga matokeo yake ili kuyashusha makala hafifu ya aina hiyo, na biashara hiyo ikaanza kuporomoka.

Jambo la namna hiyo lilifanyika pia Kenya, kwa sura nyingine. Kwa miaka mingi vijana wengi wenye shahada zao walijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mteja alituma mada, idadi ya maneno, mtindo wa marejeo na saa ya mwisho. Tusidanganyane, hilo ni agizo kamili, halikosi kipengele hata kimoja cha yale yanayoandikiwa mashine leo. Mwaka 2022 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofanya uuzaji wa huduma hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa la jinai. Mwaka 2023 waandishi wa habari wakaripoti kutoka Kenya kwamba kazi za vijana hao zimepungua, kwa kuwa wateja wamehamia kwa ChatGPT. Sisifu biashara ile; ilikuwa ya udanganyifu. Ninachosema ni kwamba mashine ilipokuja, ilikuta agizo limeshakamilika na kiti cha mwandishi kimeshaandaliwa. Mtu alikuwa amekwisha kufanywa mashine, kilichobaki ni kumwondoa.

Mtu aagiza, mashine yaandika

Februari 2019 OpenAI ilitangaza GPT-2. Mfano wake mashuhuri ulianza na sentensi chache zilizoandikwa na binadamu, kuhusu wanasayansi waliogundua farasi wenye pembe moja katika milima ya Andes. Mashine ikaendeleza kisa kwa ufasaha. Lakini waliochapisha mfano huo walisema wazi kwamba waliijaribu mara 10 ndipo wakapata kipande kile. Hapa pana mhariri aliyejificha! Mwaka 2020 ikaja GPT-3, ambayo ukiionyesha mifano michache ya kazi unayoitaka, inaiga. Mwaka huo huo mwanafunzi mmoja wa Berkeley aliipa kichwa na utangulizi, akachapisha ilichoandika, na makala moja ikapanda hadi juu kabisa ya orodha ya Hacker News bila wasomaji wengi kushuku.

Bado mashine hizo zilikuwa zikiendeleza tu maneno. Ili zitii agizo, ilibidi binadamu wazifundishe kwa kuzionyesha majibu mazuri na kuyapanga mengine kwa ubora. Ilibidi pia zifundishwe kutambua maneno machafu. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kwamba sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Nairobi, kupitia kampuni ya Sama. Wafanyakazi walisoma maelezo ya ukatili na unyanyasaji ili kuyawekea alama, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kwa hiyo ule upole wa ChatGPT unaousoma una jasho la watu wa Nairobi, ambao majina yao hayamo kwenye ukurasa wowote inaouandika.

Na lugha je? Katika maandishi yaliyoifunza GPT-3, asilimia 93 hivi ya maneno ilikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote za dunia ziligawana saba zilizobaki. Msomaji asishangae basi akikuta Kiswahili cha mashine chenye nyama yetu na mifupa ya wengine. Kwa haki, ugonjwa huo haukuanza na mashine. "Mwisho wa siku" ilishasikika redioni muda mrefu, eti kumaanisha "hatimaye".

Agizo kama uhakiki uliopinduliwa

Sasa tulitazame agizo lenyewe. Tuseme mwenye tovuti ya fedha anaandika hivi: "Wewe ni mshauri mzoefu wa mambo ya benki. Andika makala ya maneno 800 kwa vijana wanaoanza kuweka akiba. Tumia lugha nyepesi na ya kirafiki. Gawa kwa vichwa vidogo. Taja 'akaunti ya akiba' mara tano." Huu ni mfano wangu, lakini yeyote aliyewahi kuyaona maagizo ya kazi hii atautambua.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fasihi anavijua vipengele hivi vyote. Nafsi inayosema, hadhira, muundo, mtindo, matumizi ya lugha: tunavikariri kwa ajili ya mtihani. Mhakiki huchukua andiko na kuvichambua kutoka ndani yake. Mwagizaji huanza navyo akitumaini vitazaa andiko. Ndiyo maana nikasema ni uhakiki kichwa chini miguu juu, na ndiyo maana naamini mtu wa fasihi angeweza kuwa mwagizaji hodari kuliko mhandisi.

Lakini tulifundishwa pia kwamba kazi ina maudhui, na katika maudhui kuna dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo. Litafute neno la msimamo katika agizo lile, halimo. Mwenye tovuti hana la kusema kuhusu akiba, anataka tu ukurasa uwepo. Mashine nayo haina akiba benki. Pande zote mbili hakuna mwenye jambo, na katikati panatoka makala yenye sarufi safi kabisa.

Madhara yake si ya nadharia. Tangu Novemba 2022 tovuti ya CNET ya Marekani ilichapisha makala 77 ya fedha yaliyoandikwa kwa msaada wa mashine, mwanzoni chini ya jina la jumla la "wafanyakazi" wa dawati hilo. Moja lilieleza kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, baada ya mwaka utakuwa umechuma dola 10,300. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba faida ni dola 300 tu. Kampuni ilipoyapitia upya, Januari 2023, ilitoa masahihisho kwenye makala 41. Lugha ilikuwa nzuri, na huo ndio mtego wenyewe: fani ilimhakikishia msomaji usahihi ambao haukuwapo.

Wapo watakaonijibu kwamba hata binadamu hukosea. Ni kweli. Lakini Kijuma akikosea ni Kijuma. Hapa kosa ni la nani? Mashine haishtakiwi, mwagizaji hakuandika, na "wafanyakazi" si jina la mtu. Machi 2024 Google ilitangaza kwamba itaziadhibu kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuvuta matokeo ya utafutaji tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Naona uamuzi huo una mantiki, kwa sababu umeacha kuuliza nani alishika kalamu na umeuliza andiko liliandikwa kwa nia gani.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuagiza andiko ni desturi ya kale, kwamba mtu alishageuzwa mtekelezaji wa maagizo kabla ya ChatGPT, na kwamba agizo la siku hizi linabeba fani na hadhira likiacha msimamo na dhima nje ya mlango.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Mosi, mtu akiitumia mashine katika kazi ya darasani au katika makala ya gazeti, agizo lake liambatishwe, nasi tulihakiki pamoja na andiko. Humo ndimo tutakamoona mwandishi alifikiri nini, kama alifikiri. Kumkataza bila kusoma alichoagiza ni kuukimbia uhakiki. Pili, turudishe desturi ya watunzi wa tendi: mwishoni pawe na jina la mtu aliye tayari kuulizwa. Akikosekana wa kuliweka jina lake, tusiusumbue umma kwa kuuchapishia.