Mji Mzima Katika Picha Moja: Habari za Korogwe na Handeni

Mji hauonekani wote kwa mtu asimamaye katikati yake. Huona kuta zilizo karibu na kusikia kelele za soko, lakini umbo la mji humpotea. Kwa sababu hiyo watu hupanda kilima au mnara wapate kuutazama kwa upana. Tamaa hiyo ndiyo iliyozaa panorama, yaani picha ya upeo mpana. Sanaa hii ilianza kwa michoro: Robert Barker alipata haki ya uvumbuzi wake huko Uingereza mwaka 1787. Wapiga picha wakairithi, na mwaka 1878 Eadweard Muybridge akauonyesha mji wa San Francisco kwa picha 13 zilizounganishwa hata zikafanya duara kamili.

Faida ya kazi hiyo kwa mwanahistoria yaonekana Unguja. Mji Mkongwe ulipigwa picha mara nyingi kutoka baharini, na Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, huonekana waziwazi. Picha ikionyesha mnara uliosimama peke yake mbele ya jumba, ukiwa mzima, basi ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipoyapiga mizinga majumba ya Sultani. Ikionyesha mnara wa saa ulioungwa na jumba lenyewe, ni ya baada ya matengenezo ya mwaka 1897. Na ikionyesha pengo mahali pa mnara huo, ni ya baada ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba ilipoporomoka. Hivyo picha huweza kutoa ushahidi wa tarehe hata pasipo maandishi.

Hata hivyo, picha pana ina hila yake. Huahidi kuonyesha yote, ilhali huonyesha yale tu yaonekanayo kutoka mahali aliposimama mwenye kamera. Aliyesimama baharini aliona nyuso za majumba ya wakubwa; Ng'ambo, walikokaa mafukara wengi na watumwa waliopata uhuru, ilijificha nyuma yake.

Huku bara, nafasi ya meli ilishikwa na reli. Korogwe ipo mahali ambapo mto Lwengera huingia katika mto Pangani, uitwao pia Ruvu. Kaskazini milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Kusini, ng'ambo ya mto, nchi yaenea kuelekea Uzigua na Handeni. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mashamba ya mkonge yalienea kando yake. Wapiga picha wa zama za Wadachi, kama Walther Dobbertin, ambaye picha zake zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani, walikuwa wageni waliosafiri kwa njia za utawala. Mgeni wa namna hiyo huona kwanza stesheni, daraja na shamba. Mji wa Handeni, ambao reli hiyo haikuupitia, ulikuwa mbali na dirisha la gari lake.

Tena yako mambo ambayo hata kilima kirefu hakiyaonyeshi. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa mwaka 1895 na kuchapwa tena mwaka 1962. Humo Mbegha, mwindaji, atoka Ngulu, aigawa nyama ya nguruwe aliowaua, na mwishowe afanywa mtawala wa Usambara. Milima hiyo ya Ngulu ilihesabiwa katika wilaya ya Handeni mpaka wilaya ya Kilindi ilipoundwa mwaka 2002. Hali kadhalika njaa ya miaka ya 1830 iliwatoa Wazigua wengi kwao, wakachukuliwa utumwani hata Somalia, ambako wajukuu wao waliendelea kukaa katika bonde la mto Juba. Picha ya nchi ile haiwezi kuwaonyesha watu waliokwisha kuondoka.

Siku hizi simu ya mkononi huunganisha vipande vya picha kwa dakika moja, na ndege ndogo isiyo na rubani hupanda juu kuliko mnara wowote. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwenye kamera sasa aweza kuwa mwenyeji, achague mwenyewe mahali pa kusimama. Basi kijana wa Korogwe au Handeni aupigaye mji wake picha na aandike tarehe, mahali aliposimama, na upande alioupa kisogo. Kisha awaendee wazee, awaulize majina ya vilima na vijito vinavyoonekana, na nani walikaa huko kabla ya reli. Asipofanya hivyo, wajukuu wake watapata picha nzuri ya nchi wasiyoijua.