Wenyeji wa Mlimani

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kwa idadi hiyo, mgeni wa Jumatatu alikuwa mwenyeji ifikapo Ijumaa. Suala la kupokea wapya lilikuja baada ya 1964, chuo kilipohamia Mlimani na mabweni yakaanza kujaa.

Mimi niliupanda mlima huo mwishoni mwa miaka ya 1980, na tranka langu la bati kutoka Songea. Serikali ilikuwa imetuandaa kwa namna yake: kwanza tulipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na aliyezoea mchakamchaka wa alfajiri hakutishwa na bweni. Waliotutangulia walikazwa zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 walitakiwa wafanye kazi kwanza, ndipo waombe chuo wakiwa na pendekezo la kazini na la chama. Wengi waliingia mwaka wa kwanza wakiwa watu wazima wenye familia.

Lakini maisha ya bweni hayakuandikwa kwenye fomu. Aliyenifundisha ni dada wa mwaka wa pili niliyepangiwa naye chumba: vitabu vya kuazima kwa saa chache viwahi asubuhi, kwenye semina sema japo neno moja, na penye mabango ya Mzee Punch usisimame.

Nyuma ya jina hilo kulijificha watu wasiojulikana. Walibandika ukutani michoro na maneno ya kudhalilisha, hasa dhidi ya wasichana, na aliyeandikwa wenzake walitakiwa wamsuse. Wakongwe waliyaita hayo utani wa chuo. Februari 1990 msichana wa mwaka wa kwanza aliyeandamwa hivyo alijiua, na ndipo Punch ikapigwa marufuku. Yule dada yangu na Mzee Punch walitoka mabweni yaleyale.

Kisha nguzo za zamani zikaondoka. Miaka ya 1990 ilileta uchangiaji wa gharama. JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita ikasitishwa 1994, isirudi hadi 2013. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005. Wanafunzi waliongezeka kuliko vitanda. Kubebana kukawa jambo la kawaida: mwenye kitanda anamlaza asiyenacho, mzungu wa nne, ingawa kanuni zinakataza. Kwenye vimbweta, yale madawati ya zege ya nje, mwaka wa tatu humweleza mgeni bumu, yaani pesa ya kujikimu, linavyopangiliwa lisiishe kabla ya mtihani, na jinsi sapu (mitihani ya marudio) zilizopuuzwa zinavyomfikisha mtu kudisko, yaani kuondolewa masomoni.

Tangu Mlima upandwe, aliyempokea mwanafunzi mpya kwa kweli ni mwanafunzi mwenzake. Hotuba za wiki ya kwanza husahaulika. Basi vyuo visiiache kazi hiyo ijiendee. Kila mgeni apewe mwenyeji mmoja wa mwaka wa pili, anayejulikana kwa jina na kufuatiliwa na mlezi wa wanafunzi. Mzee Punch alistawi kwa sababu hakuna aliyetakiwa kujibu kwa jina lake.