Vyeo vya Ofisini na Mabadiliko ya Mashine

Wengi wetu huandika humu habari za walimu, mabweni na michezo. Mimi naomba nafasi nieleze historia ya jambo linaloonekana dogo, lakini linalogusa mshahara na heshima ya wafanyakazi wengi: majina ya vyeo vya ofisini.

Zamani karani alifanya yote: kuandika, kunakili na kuhesabu. Mashine ya chapa ya Remington ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, kazi ya kunakili ilijitenga, nayo ikahitaji jina. Kwa muda Waingereza na Wamarekani walitumia neno moja kwa mashine na kwa mwanamke aliyeiendesha. Mtu na chombo chake wakawa na jina moja!

Kisa cha kompyuta ni kinyume chake. Neno hilo lilikuwa kwanza cheo cha binadamu anayefanya hesabu. Huko Langley, Marekani, kikundi cha wanawake wa kazi hiyo kilianzishwa mwaka 1935 katika kituo cha utafiti wa ndege. Dorothy Vaughan aliongoza kikundi cha wanawake weusi tangu 1949. Mashine zilipochukua kazi pamoja na jina, alijifunza lugha ya FORTRAN na kuwafundisha wenzake. Cheo kilikwenda, ujuzi ukabaki.

Hapa Tanzania, Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali mwaka 1967, vyeo navyo vilitafutiwa Kiswahili. Tukawa na Mpiga Chapa na Katibu Mahsusi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mashine ya chapa ikaendelea kutawala meza zetu. Kompyuta zilipoenea baadaye, Katibu Mahsusi alitakiwa kuwa na cheti cha programu zake, huku hatimkato ya maneno 80 kwa dakika ikibaki palepale. Miaka ya karibuni matangazo ya ajira yameleta cheo cha Mwandishi Mwendesha Ofisi.

Tuitazame tofauti. Jina la Mpiga Chapa lilitokana na chombo. Chombo kilipostaafu, jina nalo likastaafu. Katibu ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake mwandishi. Halitaji kalamu wala mashine, ndiyo sababu limedumu. Nalo jina la Mwendesha Ofisi linakiri kazi ambayo makatibu wameifanya siku zote: kupanga mikutano, kutunza siri, kufuatilia majalada yaliyokwama. Hapo ndipo penye haki ya mtu, kwa maana kazi isiyotambuliwa husahauliwa wakati wa kupandishwa daraja.

Hata hivyo, jina jipya lisilofuatwa na mafunzo wala mshahara ni kilemba cha ukoka. Mfanyakazi hapandi kwa kubadilishiwa kibao cha mlangoni.

Ninyi wadogo zetu mlioko madarasani, baadhi yenu mtakuja kupanga miundo ya utumishi, na mashine za wakati huo hatuzijui. Ulizeni kwanza mtu huyu anabeba wajibu gani, ndipo muulize anatumia chombo gani. Cheo kiandikeni kwa jibu la swali la kwanza.