Kadhi Aliyemwaga Unga Akapumua

Wadau, mtu akifukuzwa kazi mjini hapa tunasema kamwaga unga. Msemo huo ni mzito, maana unga ukishamwagika hauzoleki wote. Ndugu wanakuja kukupa pole kama vile umefiwa, na mwenye nyumba anaanza kuulizia kodi kabla ya tarehe. Lakini kuna jambo ambalo watu wengi wanaona aibu kulisema hadharani: wapo wanaomwaga unga na usiku uleule wakalala usingizi ambao hawakuupata kwa miaka miwili. Asubuhi wanajishangaa. Mshahara umekwisha, sasa huu wepesi unatoka wapi? Au nina kasoro?

Kabla hujajiona una kasoro, msikilize mtu mmoja aliyepitia hali hiyo zaidi ya miaka 600 iliyopita, tena akaiandika mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake. Naye ni Ibn Khaldun.

Waliosoma historia au sosholojia chuoni wanalijua jina hili. Alizaliwa Tunis mwaka 1332. Akiwa kijana, tauni ya 1348 hadi 1349 iliwachukua wazazi wake. Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya ofisi za watawala: Tunis, Fez, Granada, Bejaia. Leo ni katibu wa sultani, kesho yuko gerezani, keshokutwa anatafutwa na sultani mwingine. Mwaka 1375 alichoka, akajificha na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, kwenye nchi tunayoiita leo Algeria. Huko, mwaka 1377, aliandika rasimu ya *Muqaddima* kwa miezi mitano. Hicho ndicho kitabu kilichomfanya ajulikane dunia nzima, na alikiandika akiwa hana cheo.

Mwaka 1382 akahamia Misri. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Neno kadhi si geni kwetu. Zanzibar na Mombasa makadhi wapo hadi leo, wanaamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Lakini kadhi mkuu wa Cairo enzi zile alikuwa mtu mkubwa kweli kweli. Tangu 1265, Sultani Baybars alipopanga upya mahakama, mji ule ulikuwa na makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu ya fikihi: Shafii, Hanafi, Maliki na Hanbali. Mwaka 1384 Sultani Barquq alimwondoa kadhi mkuu wa Kimaliki, kiti akampa Ibn Khaldun, mgeni ambaye hajamaliza hata miaka miwili mjini.

Akakuta nini ofisini? Jamani, soma utafikiri ni habari ya gazeti la jana. Mashahidi rasmi wa mahakama, wema na wala rushwa, wamechanganyika humo humo. Wajanja wanachezea hati ili mali za wakfu ziuzwe. Mamufti wanatoa fatwa kwa pande zote mbili za kesi moja, kila mteja anapata anayoitaka. Na wakubwa wanaleta vimemo: huyu ni mtu wangu, mwangalie. Yeye akavikataa. Akawaadhibu mashahidi wa uongo na kuwafungia mlango wababaishaji. Haukupita muda maneno yakaanza: huyu Mmaghribi hajui taratibu zetu. Mashtaka yakapelekwa kwa Sultani, na kila upande akakosa wa kumtetea.

Katikati ya vita hiyo, meli iliyobeba familia yake kutoka Tunis ikazama. Sultani mwenyewe alikuwa amewaombea ruhusa kwa mtawala wa Tunis waje Misri. Wakaangamia baharini, na mali yote ikaenda.

Anaandika kwamba alitamani kuacha kazi, lakini alipoomba ushauri akaonywa kuwa Sultani angekasirika. Wangapi tunaijua hali hiyo? Kukaa huwezi, kuondoka huthubutu. Akabaki hapo, kati ya matumaini na kukata tamaa, mpaka mwaka 1385 Sultani alipomvua cheo na kukirudisha kwa yule aliyekuwa nacho kabla. Ibn Khaldun hakulalamika. Katika maelezo yake anakuita kufukuzwa huko huruma: ametuliwa mzigo asioweza kuubeba, amefunguliwa kamba. Akarudi kwenye kufundisha, kusoma na kuandika.

Sasa tusidanganyane. Ule haukuwa unafuu wa sherehe, kwa sababu mtu huyu alikuwa na msiba mzito nyumbani. Alikuwa mwepesi na mwenye huzuni kwa wakati mmoja. Tena hakulala njaa. Kabla ya ukadhi alikuwa ameshaanza kufundisha katika madrasa ya Qamhiyya, iliyoanzishwa na Salahuddin katika karne ya 12. Jina lenyewe linatokana na ngano, kwa sababu wakfu wake ulikuwa na mashamba huko Fayyum, na ngano yake waligawiwa walimu na wanafunzi. Kwa hiyo kadhi alimwaga unga, lakini ngano ilikuwepo. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapokwama: kazi inatuua, na hatuna Qamhiyya.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1399, miaka 14 baadaye, aliitwa tena kwenye ukadhi, na akakubali! Mwaka uliofuata akaondolewa. Mwaka 1401 alikuwa Dameski iliyozingirwa, akashushwa ukutani kwa kamba kwenda kuonana na Timur, akarudi Cairo salama, akapewa ukadhi tena. Kwa jumla alishika kiti hicho mara sita. Alifariki Machi 1406 akiwa kadhi, na umri wa miaka 73.

Wengine watasema huyo hakujifunza. Mimi naona tofauti. Unafuu wa 1385 haukumwambia kwamba kazi ya haki ni mbaya, wala kwamba yeye ni mvivu. Ulimwambia jinsi mzigo ulivyokuwa mzito, jambo ambalo mtu hawezi kulipima akiwa bado ameubeba. Baada ya hapo alikuwa na miaka mingi ya kusoma, kwenda Hija na kuendelea kukisahihisha kitabu chake. Aliporudi, alikuwa anajua anakorudi.

Kwa hiyo wewe uliyemwaga unga mwezi huu na unaona haya kwa sababu umelala vizuri, lala. Nduguzo wakija kukupa pole, ipokee, maana kodi ni kodi. Lakini usingizi ule usiuombe radhi. Ukiamka, anza kuitafuta ngano.