Nani Agawe Vibali vya Kazi? Marekani na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini

Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, katika Bahari ya Pasifiki, vina historia isiyo ngeni kabisa kwa msomaji wa kwetu. Kama Ruanda-Urundi, vilitawaliwa na Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha vikakabidhiwa taifa jingine: kwanza Japani, na tangu 1947 Marekani.

Mapatano ya 1976, yaliyoviunganisha na Marekani, yaliwaachia wenyeji madaraka juu ya uhamiaji na kima cha chini cha mshahara. Wenyeji, walio wachache, walihofia kumezwa na wageni. Lakini mambo yalikwenda kinyume. Viwanda vya nguo vilijengwa Saipan katika miaka ya 1980, nguo zikaingia Marekani bila ushuru, na serikali ya visiwa ikatoa vibali kwa maelfu ya wafanyakazi, hasa kutoka China na Ufilipino. Kibali kilimfunga mtu kwa mwajiri wake, na wengi walifika wakiwa na madeni kwa mawakala. Sensa ya 2000 ilihesabu wakazi 69,221, zaidi ya nusu yao wakiwa wazaliwa wa nje.

Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliyatwaa madaraka juu ya uhamiaji. Sheria ilipoanza kutumika, tarehe 28 Novemba 2009, viwanda vilikwisha kufungwa. Dawa, kwa maoni yetu, ilifika baada ya mgonjwa kuzikwa.

Hata hivyo hoteli, hospitali na maduka viliwahitaji wageni. Ndipo kikabuniwa kibali cha mpito, kinachotumika katika visiwa hivyo tu, kwa idadi iliyowekewa kikomo: 22,417 mwanzoni, kisha ikipunguzwa. Waajiri wote waligombea fungu moja, aliyetangulia akahudumiwa kwanza. Mwaka 2016, wakati wa ujenzi wa kasino kubwa, fungu lilikwisha mapema, na baadhi ya waliokaa miaka mingi wakalazimika kuondoka. Sheria ya 2017 ikawawekea mafundi wa ujenzi mipaka. Ile ya 2018 ikaweka vibali 13,000 kwa mwaka wa bajeti wa 2019, vikipungua 500 kila mwaka hadi 2029.

Wala hakuna kanuni moja kwa makoloni yote. Guam, wanakoishi Wachamorro wale wale, imefuata sheria ya uhamiaji ya Marekani tangu 1952. Samoa ya Marekani bado inagawa vibali vyake yenyewe.